Migahawa ya wageni: tuulize nani anafundishwa kupika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea hapa Dar es Salaam kuhusu wageni wanaofungua migahawa, hasa baada ya kuwasikia baadhi ya wafanyabiashara wenzangu wakipendekeza kwamba biashara ya chakula iongezwe kwenye orodha ya shughuli ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya nchini. Mimi ni mkulima wa mboga na majani ya viungo huko Kigamboni, na kabla ya hapo nilikuwa mpishi katika hoteli za jiji hili kwa miaka mingi. Migahawa ya wageni naifahamu kwa kupitia mlango wa nyuma, ule wa jikoni, ambako mzigo hupokelewa na ambako mtu huona mambo ambayo mteja aliyeketi mezani hayaoni.

Orodha ninayoizungumzia ni ile iliyotangazwa na Serikali Julai 2025, inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uuzaji wa jumla na rejareja, huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali, uongozaji wa watalii na ununuzi wa mazao shambani. Niseme mapema kwamba naiunga mkono amri hiyo. Mtu aliyemshuhudia mgeni pale Kariakoo akiuza rejareja bidhaa ileile aliyoiingiza kwa kontena, kwa bei ambayo mmachinga hawezi kuifikia hata akijinyima faida yote, hahitaji kuelezwa kwa nini amri ilitolewa. Nami nanufaika nayo moja kwa moja, kwa kuwa mwenye mgahawa asiye raia hapaswi kwenda mwenyewe Mkuranga au Mlandizi kununua nyanya na giligilani kwa mkulima shambani, bali anatuhitaji sisi wasambazaji wa hapa nyumbani.

Mgahawa haumo katika orodha hiyo, na naomba usiingizwe. Muuza duka anaweza kuuza mwaka mzima kitu kilichotengenezwa kwingine bila kumwachia msaidizi wake chochote zaidi ya mshahara, lakini anayepika lazima apike hapahapa, kila siku, mbele ya macho ya watu anaowaajiri, na kile anachokijua kinaweza kuhamia mikononi mwao. Nasema kinaweza, kwa sababu hakihami chenyewe. Sheria na maofisa wetu wanapaswa kulisimamia hilo, na kwa maoni yangu hawalisimamii.

Ili nieleweke, nitamtaja mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri kile ambacho mgahawa wa mhamiaji unaweza kuufanyia mji uliompokea. Charles Phan alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Da Lat, Vietnam, kwenye familia yenye asili ya China. Vita vilipokwisha na Saigon ikaanguka Aprili 30, 1975, familia hiyo ilikimbia kwa meli ya mizigo, ikaishi kwa muda katika kisiwa cha Guam, kisha mwaka 1977 ikafika San Francisco, Marekani. Kijana huyo alisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaacha kabla ya kuhitimu, akafanya kazi kadhaa zisizohusiana na chakula, na hakuwahi kusomea upishi chuoni. Mwaka 1995 alifungua mgahawa aliouita The Slanted Door katika mtaa wa Valencia, eneo la Mission, akitegemea fedha na nguvu za ndugu zake, ambao wengi wao walifanya naye kazi humo.

Wakati ule Wamarekani wengi waliuona upishi wa Kivietinamu kuwa chakula cha kununua kwa bei ya chini, tena katika vibanda vya wahamiaji wenyewe. Phan alipika vyakula vya nyumbani kwao, lakini kwa nyama nzuri na mboga zilizovunwa karibu, akaviuza kwa bei inayolingana na ubora wake, ndani ya chumba ambacho elimu yake ya usanifu ilionekana wazi. Mlo wake uliojulikana zaidi ni nyama ya ng'ombe ya sarara iliyokatwa vipande vya mraba, ikarushwarushwa katika kikaango chenye moto mkali pamoja na vitunguu, na kuletwa mezani na kibakuli cha ndimu, chumvi na pilipili manga cha kuchovyea. Msomaji yeyote aliyewahi kula mishkaki jioni pale Upanga atatambua ladha hiyo bila kuelekezwa. Mwaka 2004 mgahawa ulihamia katika jengo la vivuko lililo kando ya maji, ambako wakulima wa mashamba ya jirani huleta mazao yao sokoni, na mwaka huohuo Phan alipata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi na migahawa ya Marekani, kama mpishi bora wa California. Miaka 10 baadaye, mwaka 2014, The Slanted Door ulipewa tuzo ya mgahawa bora wa Marekani nzima.

Kutokana na mgahawa huo mmoja ilizaliwa mingine. Palikuwa na Out the Door, iliyouza vyakula vilevile kwa watu wenye haraka. Palikuwa na Heaven's Dog na Wo Hing General Store, zilizorudi kwenye asili yake ya Kichina, ingawa hiyo ya pili haikudumu. Na mwaka 2013 alifungua Hard Water, baa isiyo ya Kivietinamu kabisa. The Slanted Door ilipata matawi nje ya San Francisco, na mwaka 2024 moja likafunguliwa Beaune, huko Ufaransa, yaani katika nchi iliyowahi kuitawala Vietnam. Phan alifariki dunia Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 62. Wapishi na wahudumu waliopita katika majiko yake walikuwa wengi kupita kiasi cha ukoo wowote, na ndicho kinachonigusa mimi niliyeishi jikoni: alianza na ndugu zake kwa sababu hakuwa na wengine, lakini hakuifunga milango akabaki nao peke yao.

Wapo watakaosema kwamba San Francisco ni mbali na mambo ya huko hayatuhusu. Vietnam haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Nchi zetu zina uhusiano wa kibalozi tangu mwaka 1965. Mtandao wa simu wa Halotel, ulioanza kutoa huduma nchini mwaka 2015, ni wa kampuni ya Viettel ya Vietnam. Na korosho zetu za Mtwara na Lindi husafirishwa ghafi kwa wingi kwenda huko, zikabanguliwe na kuuzwa duniani kwa thamani kubwa kuliko ile aliyolipwa mkulima wa Newala. Hilo la korosho hutuuma kila msimu, na nadhani linatupa kipimo kizuri cha kumpimia mgeni yeyote: je, kazi yenye thamani inafanyika hapa au inafanyika kwingine?

Katika mgahawa wa Kivietinamu, sehemu kubwa ya kazi hiyo haina budi kufanyika hapa. Fikiria supu yao maarufu iitwayo pho, ambayo asili yake ni kaskazini mwa Vietnam, na ambayo watu wa huko hupenda kuinywa asubuhi kama sisi tunavyokunywa supu ya ng'ombe kwa chapati. Mifupa huchemshwa mara ya kwanza na maji yake yakamwagwa, ikaoshwa, kisha ikarudishwa katika sufuria kubwa na kuachwa kwenye moto mdogo kwa saa nyingi pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa juu ya moto hadi ganda likawa jeusi, mdalasini, karafuu, na kile kiungo chenye umbo la nyota. Ukiacha hicho cha mwisho, vyote vinapatikana katika masoko yetu: tangawizi kutoka Same, karafuu kutoka Pemba, mifupa kutoka machinjio ya jijini. Juu ya bakuli hupangwa vitunguu vya majani, giligilani, mrehani na nanaa, ambavyo mimi huvivusha kwa pantoni alfajiri, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa kibichi ili jua la Magogoni lisivinyaushe.

Mmoja wa wateja wangu ni mama wa Kivietinamu mwenye mgahawa maeneo ya Msasani. Sitamtaja jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Nanaa yangu huiponda jani moja kati ya vidole, akainusa, na kama haina harufu hurudisha fungu zima bila kelele wala matusi; mwanzoni nilikasirika, baadaye nikabadilisha namna ya kumwagilia, na leo nanaa ninayompelekea ni bora kuliko ile niliyokuwa nikiwauzia wateja wengine wote. Lakini kilichonivutia zaidi ni kijana wa Mbagala aliyeanza kwake kama muosha vyombo. Asubuhi moja nilipoingia na tenga langu nilimkuta kijana huyo amesimama mbele ya sufuria la supu, akionja kwa kijiko, akaongeza chumvi kidogo na kipande cha mdalasini, akaonja tena, kisha akatoa ishara kwamba moto upunguzwe. Mwenye mgahawa alikuwa pembeni akikata vitunguu na hakusema lolote. Alipofungua jiko la pili Mikocheni, kijana ndiye aliyekwenda kulisimamia, na sasa oda zangu za huko huzipokea kutoka kwake.

Nimeona pia kinyume chake. Katika mgahawa mwingine wa wageni, ambao nao sitautaja, viungo vya mchuzi vilikuwa vikichanganywa katika chumba kilichofungwa kwa ufunguo na mpishi aliyeletwa kutoka nje, na wapishi wa Kitanzania walikabidhiwa mchuzi ukiwa tayari ndani ya ndoo. Rafiki yangu aliyefanya kazi humo aliingia akijua kukata nyama, na baada ya miaka akatoka akijua kukata nyama. Kibali cha mpishi yule kilihuishwa na hakuna ofisa aliyeingia jikoni kuuliza swali hata moja. Maofisa wa afya walifika, wakakagua choo na majokofu, na ni wajibu wao; lakini swali la nani anafundishwa halikuwa la mtu yeyote.

Ndugu Mhariri, sheria ya kuuliza swali hilo tunayo. Sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri anayemleta mtaalamu asiye raia aandae mpango wa kurithisha ujuzi wa mtaalamu huyo kwa Watanzania katika kipindi cha ajira yake. Katika viwanda na migodi jambo hili husikika likitajwa. Katika migahawa, kwa yote niliyoyaona, mpango huo ni karatasi inayoandikwa na wakala siku ya kuomba kibali na kuwekwa kwenye faili, na mara nyingi mpishi anayetajwa humo kuwa ndiye atakayerithishwa hata hajui kwamba ametajwa. Naamini upishi unadharauliwa hapa kwa kuwa tunaufikiria kama kazi ambayo kila mtu anaijua tangu kwao. Anayefikiri hivyo ajaribu kuandaa pho kwa ajili ya watu 100, iwe na ladha ileile Jumatatu na Jumamosi.

Kwa wale wanaotaka wageni wazuiwe kabisa, nawaomba wakumbuke chakula cha jiji hili kilikotoka. Chapati, sambusa, bajia na biriani vililetwa na watu waliovuka bahari, na mikahawa ya Washihiri, Waarabu wa kutoka Hadhramaut, ilikuwa sehemu ya mitaa ya mjini kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Leo mama lishe wa Tandika anasukuma chapati laini zenye matabaka na kusomesha watoto kwazo, na hakuna anayemwambia kwamba amechukua cha watu. Ujuzi huo ulihama kwa sababu watu walifanya kazi pamoja jikoni, majumbani na hotelini, wakatazamana mikono, na baadhi yao, ni lazima tuseme ukweli, walijifunza kwa kuajiriwa kwa ujira mdogo bila mtu kuwafundisha kwa hiari. Hatuna sababu ya kuliacha jambo hilo liende kwa bahati tena wakati sheria ipo.

Wako pia wanaohofia kwamba mgeni akipika, mama lishe atakosa wateja. Sijaona hivyo. Anayelipa bei ya Msasani kwa bakuli la pho hakuwa mteja wa wali maharage wa pembeni mwa barabara, na wapishi na wahudumu wa mgahawa ule ndio wanaokula kwa mama lishe wa jirani mchana. Mama lishe anaumizwa zaidi na bomoabomoa, bei ya mkaa na gesi, na kukosa mahali pa kudumu pa kuweka meza zake, mambo ambayo hayakuletwa na Mvietinamu yeyote.

Tena kuna nafasi ambayo sisi wenyewe tumeiacha wazi. Kiungo muhimu kuliko vyote katika upishi huo ni mchuzi mwembamba wa samaki uitwao nước mắm, unaopatikana kwa kuwavundika dagaa wa baharini kwa chumvi kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, hadi maji yao yatoke yakiwa na rangi ya asali. Wateja wangu huuagiza kutoka nje kwa bei kubwa. Dagaa wa jamii hiyo, tunaowaita dagaa mchele, huvuliwa kwa wingi Kilwa, Mafia na Unguja, na wakati wa msimu wa mvua wengine huoza kwa kukosa jua la kuanikia. Chumvi tunaitengeneza Bagamoyo na Lindi. Viwanda vidogo vimo katika orodha ya shughuli walizotengewa raia, kwa hiyo hakuna mgeni atakayetutangulia kama tutaamua kuanza. Kinachokosekana ni mtu anayejua mchuzi huo unatakiwa kuwa na ladha gani, na watu hao sasa wapo hapahapa jijini, wakiwemo vijana wetu waliouonja kila siku wakiwa kazini.

Ombi langu kwa wizara inayohusika na kazi ni kwamba, kibali cha mpishi wa kigeni kinapofikia muda wa kuhuishwa, ofisa aende jikoni na kumwomba Mtanzania aliyetajwa katika mpango wa kurithisha ujuzi apike mlo mmoja ulio kwenye orodha ya mgahawa, kuanzia viungo hadi sahani, bila msaada. Akiweza, kibali kihuishwe bila kuzungushana, na mgahawa wa namna hiyo upewe wepesi unapotaka kufungua tawi. Asipoweza, mwajiri apewe muda maalumu wa kufundisha, na muda huo ukipita bila mabadiliko kibali kisitoke. Ukaguzi huo ufanyike kwa taarifa ya maandishi, na matokeo yake yaandikwe mbele ya mwajiri na mfanyakazi, kwa sababu ziara za ghafla zisizo na kumbukumbu ndizo zinazogeuka kuwa mahali pa kuombea kitu kidogo, na mama yule wa Msasani ameshasumbuliwa vya kutosha.

Kwa VETA na Chuo cha Taifa cha Utalii, naomba wanafunzi wa upishi wapelekwe kwa uanagenzi katika migahawa hiyo na si katika hoteli kubwa peke yake, ambako mara nyingi mwanafunzi humaliza miezi yake yote akimenya viazi. Jiko dogo lenye wapishi wanne halina mahali pa kumficha mwanafunzi. Atashika mwiko wiki ya kwanza. Na kama wizara itahitaji majina ya wapishi wa Kitanzania ambao tayari wanayasimamia majiko ya aina hii, ili maofisa waanze kwa kuona inavyowezekana, sisi wasambazaji tunaoingia kwa mlango wa nyuma tunawafahamu, na tuko tayari kuwaunganisha kwa ridhaa yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na msambazaji wa mboga,
Kigamboni, Dar es Salaam.